Kwa Nkambo, Katuba 🏠: interviu ya Chadrack

SIKU YA PILI

Yaya Mireille, 18h07
Bonsoir kwenu bote. Habari njo hii: Chadrack balimuita ku interviu, siku ya ine, 10h, mu Teams, poste ya lojistiki ku kampuni ya mugodi. Nalomba mutu asilale. CV na manguo miye nasimamia. Masini ya ordinateur, rezo na nafasi ya kukaa tunatafuta humu humu mu kikundi

Yaya Mireille, 18h21
Naona mumesoma bote

Bijou, 18h24
🙏🙏🙏

Serge, 18h25
Félicitations mudogo! Sasa bia tunakunywa wapi

Yaya Mireille, 18h25
Serge kazi haiyapatikana bado

Serge, 18h26
Njo maana niliuliza wapi, sikuuliza lini

Yaya Mireille, 18h30
Chadrack tuma CV humu tuione

Chadrack, 18h41
Yaya si nikutumie ku inbox

Yaya Mireille, 18h41
Humu

Chadrack, 18h52
📎 CV_final_final_ya_kweli_3.pdf

Serge, 18h57
Page TANO. Mudogo uko na miaka 26, ulianza kutumika mu tumbo ya mama?

Serge, 18h58
Na ii foto naijua 😂😂 ni ndoa ya Bijou, mukono ya mutu ingali ku bega yako, na lineti ya jua usiku

Bijou, 18h59
Mukono ni ya Tonton Jean-Marie, naona saa yake 😂

Yaya Mireille, 19h03
Foto tutapiga ingine kesho asubui, shati nyeupe, nyuma ukuta. Na ile adresi ya email yenye iko na "leboss" ndani, Chadrack, nani atamupa kazi mutu mwenye alishakuwa boss? Fungua ingine, jina na postnom, basi

Chadrack, 19h04
Sawa yaya

Yaya Mireille, 19h10
Sasa nafasi. Katuba kuran ya umeme inakatika ovyo, hatuwezi kujaribu bahati. Kwa Tonton Jean-Marie kule Golf kuko pano za jua na rezo nguvu. Tonton tunakulomba asubui moja tu

Yaya Mireille, 20h15
Tonton?

Tonton Jean-Marie, 21h32
Nani aliandika jina yangu na nimero yangu pale chini ya page ya tano?

Chadrack, 21h35
Tonton ni ya référence tu, balitaka bantu babili. Nilikuwa nakuya kukulomba

Tonton Jean-Marie, 21h36
Kisha ile ya Patient, jina yangu haitoke tena mu karatasi ya mutu. Nilisema na mulisikia

Yaya Mireille, 21h38
Tonton pardon tusirudie ile hadisi, huyu mutoto si yule

Tantine Astrid, 21h44
Yule nani? Mutoto yangu hana jina? Kama tunaanza kufunua, tufunue yote, na ile ya masimenti tuifunue, tuko bote humu, Nkambo naye eko humu

Serge, 21h46
Alor kwa swali ya "udhaifu yako ni nini" Chadrack asijibu, aruke na matako sawa Kidiaba, golikipa wa zamani wa Mazembe, interviu imekwisha

Bijou, 21h47
😭😭😭

Yaya Mireille, 21h50
Serge

SIKU YA TATU

Nadège Kolwezi, 05h48
Bonjour bote. Nilikuwa ku kazi ya usiku njo nasoma sasa. Chadrack sikusimange lakini hii CV mutu wa RH anaitupa mbele ya kumaliza page ya kwanza, miye mwenyewe ningeitupa. Page mbili, na ikiwezekana moja juu unatoka masomo. Ondoa dini, ondoa kabila, ondoa célibataire, ondoa primaire yote, diplome d'État na licence ya université, Unilu, zinatosha, na anza na ya sasa ushuke ku ya zamani. Pale uliandika motivé, dynamique, sérieux futa, sijaona hata mumoja mwenye aliandika kama yeye ni muvivu. Andika kile mikono yako ilifanya. Ile staji ya depo uliweka mustari moja tu "stagiaire logistique", kwani ulikuwa unafagia? Si uliniambia mulihesabu stok yote upya na weye njo ulifanya ile fishi ya Excel yenye ilikuwa inaonyesha piesi zenye zinakaribia kwisha? Njo ile! Weka vitu ngapi, miezi ngapi, mulikuwa bantu ngapi. Na "anglais: bon" usiandike kama hauwezi kuongea, kuko mutu atakugeukia katikati aulize na kingereza

Nadège Kolwezi, 06h03
Interviu sasa. Bataanza na "jisemee kidogo". Usiseme ulizalikiwa Katuba mu familia ya batoto nane. Dakika mbili: nilisoma hii, nilifanya hii, njo maana poste hii ni yangu. Kisha batakupa kisa. Kwa lojistiki ya mugodi ningecheza makuta yangu ku hii: kamioni imekwama ku mupaka Kasumbalesa, ku chantier banangojea piesi, unafanya nini? Bengi banajibu "nitaita chef". Apana. Kwanza unauliza ni karatasi gani inakosa na deklaran wa douane anasema nini, unauliza ku depo stok yenye iko inaweza kusukuma siku ngapi, KISHA njo unaita chef, juu sasa uko na kitu ya kumuambia. Na bakikuuliza mufano ya kitu ulishafanya, ongea vile ilitembea: hali ilikuwa hivi, balinipa kazi hii, nilifanya hii, ikatoka hii. Usiseme "tulifanya tulifanya", baliita weye hapana kikundi

Nadège Kolwezi, 06h11
Na Incoterms, zile sheria za kuuza na kusafirisha vitu kati ya inchi. Za 2020 ziko 11, usikariri zote, lakini ujue nani analipa usafiri na nani anabeba hasara kamioni ikipinduka. FOB na CIF ni za meli. Mutu akikuwekea FOB Kasumbalesa, penye meli hakuna, mu swali anakutega, pale njo banaangushaka bantu. Naenda kulala

Dorcas, 06h40
Samahani, mu mail baliandika 10h ya wapi? Juu bale bantu beko Kinshasa

Serge, 06h52
Kama ni ba Kinshasa basi ni ba timu yao V.Club 😬 Chadrack ondoa Mazembe yetu mu "centres d'intérêt" haraka

Papa Bijou, 07h05
Mazembe haiondoke. Mutu asipende, abaki na kazi yake

Serge, 07h06
Papa ni kazi ya dollars

Papa Bijou, 07h06
2010 ku mundial ya ba clubs tulipiga Internacional ya Brésil 2 kwa 0, Afrika nzima ikasimama. Aandike kubwa

Bijou, 07h08
Papa 😂😂 na fainali je

Papa Bijou, 07h09
Tuliongelea Internacional

Serge, 07h10
Inter ya Milan 3 Mazembe 0 hatuiweke mu CV. Nadège alisema page mbili

Yaya Mireille, 07h30
Munamaliza? Chadrack fanya yote Nadège alisema na utume mbele ya saa sita. Vesti nani eko nayo, Serge ile ya bleu

Serge, 07h31
Iko kwa fundi

Yaya Mireille, 07h31
Tangu ndoa ya Bijou?

Serge, 07h33
Fundi ni mutu wa taratibu. Na Teams inaonyesha kifua tu, chini avae bermuda

Nadège Kolwezi, 07h35
Avae suruali. Nilishaona mutu anasimama kufunga dirisha

Tantine Astrid, 08h20
Kuko ndugu mumoja ku kanisa yetu anasema anajua mutu mule ndani kabisa, 100 dollars tu dosye inapanda juu. Mireille uniambie kama tunachanga

Nadège Kolwezi, 08h22
Tantine pardon usitoe kitu. Kampuni yenye inatafuta mutumishi hailipishe mutu. Mwenye analomba makuta kwa jina yake ni mwizi, ao ni mwizi mwenye ofisi

Tantine Astrid, 08h25
Ni mutu wa maombi

Serge, 08h25
Maombi ya 100 dollars 🙌

Dorcas, 09h14
Mail ya Chadrack, 10h ya wapi?

Chadrack, 12h26
📎 CV_Chadrack.pdf
Page moja na nusu. Sasa naona kama iko tupu yaya

Serge, 12h40
Kweli imekuwa mwembamba. Si aweke miaka mitatu ku kampuni ndogo ya Tonton, chef wa depo, nani ataenda kukagua

Yaya Mireille, 12h44
Hata miye nilifikiri. Miaka miwili. Tatu ni mingi

Tonton Jean-Marie, 12h45
Kampuni ya nani??

Chadrack, 12h46
Yaya na bakiniuliza kitu ya kule ndani?

Yaya Mireille, 12h47
Tutakufundisha leo mangaribi

Bijou, 13h31
Nkambo alinilomba nimusomee kikundi yote tangu jana, nimemusomea. Anasema niandike vile anasema, nisipunguze:

"Nilitumika miaka 31 chini ya udongo na juu. Kila asubui balinipa namba, na sikuchukua namba ya mutu hata siku moja. Mutoto aandike kile alifanya. Kama ni kidogo, ni kidogo yake. Mireille, wewe ni mukubwa, sikutegemea kusikia ile kwako. Jean-Marie. Nyumba yako ya Golf, tofali zake za kwanza zilitoka ku dekont yangu, makuta ya mwisho ya kazi, na sikukuomba karatasi. Siku ya ine ule mulango ufunguliwe. Nimemaliza."

Bijou, 13h32
Sasa anataka chai

Yaya Mireille, 13h58
Nkambo nimesikia

Serge, 14h02
🙇

Papa Bijou, 14h10
Baba amesema

Tonton Jean-Marie, 15h47
Baba nimesikia. Sentinele nitamuambia. Chadrack aingie 9h, atoke 11h juu niko na bageni. Yeye peke yake

Yaya Mireille, 15h48
Aksanti sana tonton!! Bon, nyumba iko. Mega za akiba nitatuma miye kama rezo inasumbua. Masini ni ile ya Patient, tulisikilizana. Chadrack rudilia na Nadège ile ya mushahara

Nadège Kolwezi, 16h20
Niko macho. Mushahara usiseme "chochote mutanipa", unasema kutoka hapa mpaka pale, na unauliza kama ni brut ao net (yenye inafika mu mukono). Bakisema essai, ile ya kukujaribu, ya miezi 6 usishituke, sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inafika pale, ya mwezi moja ni ya manevri bila ujuzi. Bakisema mwaka, uliza. Na mwisho bakikuuliza uko na swali usiseme apana! Uliza utakuwa chini ya nani, uliza kazi ya kwanza yenye banangojea ni gani

Chadrack, 16h25
Naandika yote Yaya Nadège. Jana sikulala

Nadège Kolwezi, 16h26
Leo lala. Sauti ya mutu hajalala inasikilika mu micro

Dorcas, 16h40
Naandika mara ya mwisho. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Kama ni 10h ya kwao, kwetu ni 11h. Na Tonton alisema 11h Chadrack atoke

Yaya Mireille, 16h41
😳

Yaya Mireille, 16h41
DORCAS kwa nini haukusema tangu asubui

Dorcas, 16h42
...

Yaya Mireille, 16h44
Chadrack baandikie SASA, adabu, mustari mbili: "10h00 ni saa ya Kinshasa ao ya Lubumbashi?" Hakuna haya ndani yake. Na kwa vyovyote 9h30 ya kwetu uko mbele ya masini. Ukingojea saa moja hakuna kitu inapotea, ukichelewa saa moja kazi imeenda

Chadrack, 16h58
Nimetuma

Serge, 17h03
Ku bureau ya Kinshasa kuuliza kitu jioni ni sawa kuuliza mwaka kesho

Nadège Kolwezi, 17h05
Bakikosa kujibu, angalia invitation ya Teams, kama iko mu kalendari ya simu yako inakuonyeshaka saa ya kwako

Chadrack, 17h09
Balituma link tu mu mail, kalendari hakuna

Yaya Mireille, 17h15
Tonton, ile 11h tunaweza kusogeza mpaka 12h30 hivi? Bageni bakae salon, mutoto eko mu chumba, hatapiga kelele

Yaya Mireille, 19h40
Tonton

Tonton Jean-Marie, 20h22
Nitaona. Lakini kitu moja muelewane nayo: Patient asifike pale

Patient, 20h31
Bonsoir famille

Bijou, 20h31
👀

Patient, 20h33
Masini ni yangu. Chadrack ni mudogo wangu, namupa na roho yote. Lakini haitoke bila miye kuwa pembeni, na mot de passe sitoe

Yaya Mireille, 20h35
Patient muandikie tu ku inbox, asubui moja

Patient, 20h35
Apana yaya. Mule kuko kazi za bantu. Kesho 8h30 niko tayari, naye, na masini, popote. Kama popote ni Golf, ni Golf

Serge, 20h38
Simu yangu iko na Teams lakini kioo ilipasuka pale pale kwenye uso inakuwaka

Chadrack, 20h44
Mail hawajajibu bado

Nadège Kolwezi, 20h46
Chadrack toka mu kikundi, zima simu, lala. Nitakuita 7h turudilie ile ya kamioni

Yaya Mireille, 20h50
Tonton Jean-Marie na Patient, nalomba munielewe, ni kesho

Tantine Astrid, 21h12
Jean-Marie itika simu

Tantine Astrid, 21h19
Jean-Marie