Ajira za sola: wakala wa komisheni, mkandarasi wa viwandani au fremu yangu mwenyewe? Nisaidieni kulinganisha

KijanaWaKatoro:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Nina cheti cha VETA cha umeme, na miaka miwili sasa natandaza waya kwenye nyumba za watu hapa Katoro na Geita mjini. Nataka kuhamia sola moja kwa moja. Wiki hii nimejikuta nina njia tatu, na zote zinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Ya kwanza ni kampuni inayouza sola za mkopo vijijini. Wananitaka niwe wakala: nauza, nafunga, nalipwa komisheni kwa kila mtambo. Mshahara hakuna, pikipiki wananikopesha. Ya pili ni mkandarasi wa Dar anayefunga sola kwenye mapaa ya viwanda na maghala. Mkataba miezi 6, mshahara laki nne na nusu kwa mwezi, malazi juu yake. Saiti ya kwanza iko Mwanza. Ya tatu, mjomba ana fremu karibu na mnada. Amesema nikae miezi 6 bila kodi, niuze paneli, betri na pampu, na nitengeneze vilivyoharibika.

Kwa hesabu waliyonipigia, komisheni inauzidi mshahara wa Dar karibu mara mbili. Kila mtu anasema sola inakua. Ninachotaka kujua ni inakua upande gani, na ni fundi wa aina gani atakayekuwa bado anatafutwa miaka 5 ijayo.

Nansio_Fundi:
Mdogo wangu, hesabu hiyo hiyo nilipigiwa na mimi. Nilikuwa wakala Ukerewe miaka mitatu, jina la kampuni silitaji. Miezi ya mwanzo nilipata hela nzuri. Unafika jioni, unawasha taa tatu na redio uani, majirani wanajaa, kesho yake una oda nne.

Shida inaanza mteja akishindwa kulipia. Mtambo unajifunga wenyewe, taa zinazima, na anayepigiwa simu ni wewe uliyekula ugali kwake siku ya kumuuzia. Kwenye mkataba wangu kulikuwa na kipengele kidogo tu: wateja wako wakichelewa kupita kiwango fulani, komisheni inakatwa. Sasa dagaa wakipungua, kisiwa kizima kinachelewa. Huko kwenu itakuwa pamba au dhahabu, lakini ni yale yale.

Siku niliyoacha nilitumwa nikang'oe paneli kwa mama mmoja. Nilipanda ngazi, mtoto wake amesimama chini na daftari mkononi, ananiuliza nitairudisha lini. Paneli yenyewe ilikuwa ndogo kama sinia ya kupakulia wali. Niliishusha, nikaifunga kwenye pikipiki, nikaipeleka ofisini, na kesho yake nikarudisha funguo za pikipiki pia.

Angalia na soko lenyewe. Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Kufikiwa kijiji si kufikiwa kila nyumba, vitongoji vingi bado giza. Lakini mtu akishaiona nguzo, hata ikiwa mita mia nane kutoka kwake, hasaini mkopo wa miaka miwili. Anaisubiri nguzo.

Fundi_AthiRiver:
Salamu kutoka Kenya. Mimi nafunga sola za viwandani, nina leseni ya ufundi sola ya huku, daraja la T3, kwa hivyo jua naegemea wapi.

Anza na picha kubwa. IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, walihesabu ajira milioni 4.9 za paneli za sola duniani mwaka 2022, na mwaka 2023 zikawa milioni 7.2. Kati ya hizo, milioni 4.6 ziko China. Afrika nzima, ukichanganya sola, upepo, maji na kila aina ya nishati jadidifu, ilikuwa na ajira 324,000. Maana yake kutengeneza paneli kunafanyika kwingine. Zinazotufikia sisi ni kuuza, kubuni mfumo, kufunga na kutunza, na mishahara ya hizo nne haifanani hata kidogo.

Bei nayo iangalie. Mwanzoni mwa 2023 paneli ilikuwa senti 20 na ushei za dola kwa wati kutoka kiwandani China. Mwaka 2024 ikashuka hadi karibu senti 10. Ndiyo sababu wenye viwanda wamezinduka: meneja anapiga hesabu ya bili ya stima, anaona paa la bati alilonalo linaweza kumlipa. Huku kwetu kanuni za 2024 zinamruhusu mwenye mtambo hadi megawati 1 kurudisha ziada kwenye gridi, ingawa anahesabiwa nusu tu ya anachorudisha. Nusu si haba kwa kiwanda kinachofungwa Jumapili.

Kazi za paa zina ubaya wake, usifichwe. Ni za msimu. Tunaingia watu ishirini, miezi miwili tumemaliza, wanabaki watatu. Wanaobaki ni wale wanaoweza kusoma mchoro na kutafuta hitilafu. Mwaka jana tuliitwa kwenye ghala ambalo lilifungwa na watu wengine. Safu moja ya paneli haitoi kitu. Nilipanda saa nane mchana, nikafuata waya kwa mkono mpaka nikanusa plastiki iliyoungua. Konekta, yaani kiungio cha waya, ya kike na ya kiume zilikuwa za watengenezaji wawili tofauti, zinaingiana lakini hazishikani. Ilikuwa imegeuka kahawia na kulegea kama mshumaa, sentimita tano kutoka kwenye bati, na safu ile ilikuwa na volti 700 za DC, umeme unaotoka kwenye paneli. Umeme wa DC ukianza cheche haujizimi kama wa AC, ule wa majumbani. Aliyebana konekta ile hakuwa mvivu, hakuna aliyemfundisha. Hayo utayajua ukiwa chini ya fundi mkuu, peke yako kwenye fremu itakuchukua miaka.

Kishapu_Kwetu:
Kabla hamjaendelea, mbona hakuna aliyetaja mitambo mikubwa? Hapa kwetu Ngunga kuna ule mradi wa TANESCO wa megawati 150, awamu ya kwanza megawati 50. Nilipiga kibarua pale wakati wa ujenzi: kusimamisha nguzo za chuma, kubeba paneli wawili wawili, kutandaza waya kwenye mitaro. Vijana wengi tulipata kazi.

Ila kujenga na kuendesha ni vitu viwili. Mtambo ukishawaka unahitaji walinzi, wafyeka nyasi, waosha paneli, na mafundi wachache waliosoma hasa. Kwa hiyo kijana asitegemee kwamba megawati zikiongezeka na ajira za kudumu zinaongezeka hivyo hivyo.

Fundi_AthiRiver:
Kweli kabisa. Ni hivyo Garissa, megawati 50 tangu Desemba 2019, na ni hivyo Malindi, megawati 40. Wati kwa wati, paa la ghala linaajiri fundi zaidi kuliko shamba la sola.

BiSola_Unguja:
Mwanangu wa Katoro, marahaba. Mimi ni mama wa miaka 52, skuli niliishia mapema. Nilijifunza sola pale Kinyasini, kwenye chuo cha Barefoot kinachofunza wanawake wa vijijini. Miezi mitano tulikaa tunalehemu, tunafungua taa, tunapima, tunafunga tena. Nilirudi kijijini nikiwa na mita yangu na pasi ya kulehemu, na mpaka leo nakula kwa mikono hiyo.

Nasoma nyinyi wanaume mnalinganisha kuuza na kufunga. Kutengeneza mmekupa mstari mmoja tu! Hizo sola zote zilizouzwa miaka kumi iliyopita zinakufa sasa. Si paneli inayokufa, paneli inaishi. Inakufa betri, inakufa chaji kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, inakatika swichi ya taa. Huku kwetu pwani chumvi inakula nati na konekta, unakuta kijani kimeota kama kwenye shaba. Watu wananiletea taa kwenye makapu. Nabadilisha seli moja, taa inawaka, analipa elfu tatu au nne, anaondoka amefurahi. Kampuni iliyomuuzia imeshafunga ofisi au inamwambia anunue nyingine.

Na wasichana waitwe kwenye kazi hii. Hao hao IRENA walisema wanawake ni asilimia 40 ya wafanyakazi wa sola duniani. Mimi kila nikipita kwenye saiti za huku nawaona wanaume wamepanda juu, wanawake wanapika.

Mzee_wa_Muscat:
Assalaam alaykum. Nipo Oman, asili yetu Unguja. Nataja Ghuba kwa sababu najua kijana atashawishiwa tu. Mitambo ya huku ni mikubwa: Ibri megawati 500, Manah miwili, kila mmoja megawati 500. Lakini kuosha vumbi kunafanywa zaidi na roboti zinazotembea usiku juu ya paneli, na kazi za ujenzi zinachukuliwa kwa makundi kupitia mawakala. Wapo vijana wa kwetu waliouza shamba kumlipa dalali, wakafika wakakuta kazi ni nyingine kabisa. Inaniuma kila nikiwaona. Kama unakuja, njoo na vyeti na uzoefu wa kuandikiwa barua, na mkataba uusome ukiwa bado kwenu.

Hapo Bi Mkubwa wa Unguja amesema kweli. Umri wa betri ndio umri wa kazi ya fundi.

Duka_la_Pampu_Geita:
Naona wengi wanampeleka kwa mkandarasi. Nitetee fremu kidogo, maana mimi nina duka kama hilo mwaka wa sita.

Kinachokua hapa kwetu ni pampu. Wiki iliyopita alikuja mkulima wa nyanya, anatumia lita 5 za petroli kila siku ya kumwagilia. Fundi mmoja alishamuuzia pampu ya sola na haikutoa maji. Nilikwenda naye shambani. Kisima mita 38, maji yanaanza mita 24, yeye kauziwa pampu ya kusukuma mita 20. Tulifunga kamba yenye jiwe tukapima mbele ya macho yake. Nikambadilishia pampu, paneli alizonazo nikazipanga upya mfululizo, saa nne asubuhi maji yakatoka kwenye mpira mpaka akavua viatu. Tangu siku hiyo ameniletea majirani wawili. Nguzo ya TANESCO haitafika katikati ya shamba lile leo wala kesho.

Lakini nikwambie lililoniumiza. Mwaka 2023 nilijaza stoo ya paneli kwa mkopo. Bei ikaanguka, jirani yangu akaleta zile zile kwa bei iliyo chini ya niliyonunulia. Nilikaa mwaka mzima nalipa benki kwa mzigo uliopoteza thamani ukutani. Kwa hiyo ukifungua fremu, usiweke mtaji kwenye paneli. Chukua oda kwanza, nunua baadaye. Mtaji wako uwe vifaa vya kupimia na vipuri. Na ufuatilie leseni ya ufungaji ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mapema, bila hiyo shule na zahanati hazikupi kazi.

Goma_Mwangaza:
Huku Goma kuna njia ya nne hamjaitaja, gridi ndogo. Kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa megawati 1.3 wa sola na betri mwaka 2020, watu wanaunganishwa majumbani kwa mita za kulipia kabla. Kazi yake inafanana na ya shirika la umeme: nguzo, mita, wateja, dharura za usiku. Fundi anaajiriwa na kubaki, kwa sababu mtaa upo pale pale. Visiwa vyenu vya ziwani vinafaa kwa kitu kama hicho.

KijanaWaKatoro:
Nawashukuru sana, sikutegemea. Nimemrudia wakala wa komisheni nikamuuliza kile kipengele cha Nansio. Kipo. Ukurasa wa nne, maandishi madogo. Njia hiyo nimeifunga.

Nimeongea na mjomba, amekubali fremu inisubiri mpaka mkataba wa Dar uishe. Dada yangu aliyemaliza kidato cha nne yuko nyumbani, nataka akae pale apokee taa na redio mbovu, nami nikirudi mwisho wa mwezi tunatengeneza pamoja. Bi Sola, aanze na nini? Na Fundi wa Athi River, nimuulize nini mkandarasi kabla sijasaini?

BiSola_Unguja:
Mpe mita ya kupimia, pasi ya kulehemu, risasi ya kulehemia, na taa kumi zilizokufa ambazo hakuna anayezidai. Azifungue zote aandike kwenye daftari kilichokufa ndani ya kila moja. Akimaliza ya kumi aniandikie hapa hapa, nitamjibu.

Fundi_AthiRiver:
Muulize mambo mawili. Bima ya kuanguka ipo, na mkanda wa kujifunga juu ya paa wanatoa wao au unanunua wewe? La pili, fundi mkuu atakupa kubana konekta na kupima safu, au utabeba paneli miezi yote sita? Akikwambia utabeba tu, omba iandikwe kwamba mwezi wa tatu unahamia kwenye waya. Na nunua koleo lako la kubania konekta, lile lenye meno ya kukaza pande zote kwa pamoja. Usiazime la mtu.