Msingi wa jakuzi la nje kwenye kiwanja cha mteremko, Mbeya

Mwenye Nyumba (Uyole)

Ndugu zangu mafundi na wenye uzoefu, habari za wakati huu. Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni upande wa Uyole, na kwa kuwa wageni wetu wa Juni na Julai hulalamikia sana baridi ya jioni, tumeamua kuweka jakuzi la maji ya moto bustanini. Karatasi ya mtengenezaji inasema lina mita 2.1 kila upande, uzito wa kilo 350 likiwa tupu, na linachukua lita 1,500 za maji. Kiwanja chetu kina mteremko, na mahali ambapo mke wangu angependa likae tulipasawazisha mwaka jana kwa kuchimba upande wa juu na kumwaga udongo huo upande wa chini. Fundi mmoja anashauri jamvi jembamba la zege, mwingine anasema pevingi (matofali ya zege ya kutandika chini) juu ya mchanga zinatosha, na wa tatu anapendekeza jukwaa la mbao. Ninaomba kujua kipi kinafaa na kwa sababu gani.

Fundi wa Iringa

Ndugu Mwenye Nyumba, tuanze na hesabu. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 1,500. Ukiongeza jakuzi lenyewe na watu sita wa kilo 75 kila mmoja, unafika kilo 2,300. Zigawanye kwa mita za mraba 4.4, utaona kwamba kila mita ya mraba inabeba takriban kilo 520. Mzigo huo si wa kutisha, kwani ardhi ngumu ambayo haijawahi kuchimbuliwa inaubeba bila shida.

Kinachonitia wasiwasi ni maneno yako kuhusu kuchimba na kumwaga. Nusu ya jakuzi itakaa juu ya ardhi ya asili, na nusu nyingine juu ya kifusi ambacho kitaendelea kushuka kila mvua zinaponyesha. Hapo zege jembamba litapasuka mahali pale pale udongo unapobadilika, maji yatainuka upande mmoja mpaka pampu ianze kuvuta hewa, na ganda la jakuzi, ambalo limeundwa kuegemea sakafu yake yote, litabaki limening'inia na kupata nyufa. Soma dhamana yako vizuri, kwa sababu watengenezaji wengi hawalipii nyufa zinazotokana na msingi mbovu.

Ningekuwa wewe, ningelisogeza jakuzi upande wa juu hadi lote likae kwenye ardhi ya asili iliyobaki baada ya kuchimba, hata kama mandhari yatapungua kidogo. Mkeo akikataa, basi kifusi chote kiondolewe mpaka ardhi ngumu, kijengwe ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, kisha udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kwa mashine. Gharama ya kazi hiyo inaweza kuzidi ya jamvi lenyewe.

Jamvi liwe na mita 2.6 kila upande na unene wa sentimita 15. Ondoa udongo wote wa juu wenye mizizi, shindilia tabaka la mawe au moramu, tandika nailoni, weka wavu wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege) juu ya biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya kuuinua, ili usilale chini, kisha mwaga zege la sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne. Ni takriban mita 1 ya ujazo, yaani mifuko sita au saba ya sementi. Usikubali vipande vya matofali ya kuchoma mahali pa mawe, maana yasiyoiva vizuri hulainika yakipata maji. Lipime kwa pima maji kutoka kona hadi kona, limwagilie kwa siku 7, na usijaze jakuzi kabla ya siku 28.

Mama wa Tukuyu

Kaka, fundi amesema vema, nami ninaongeza habari ya maji ya mvua, ambayo huku kwetu hayana mzaha. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi na husombwa kwa urahisi, kwa hiyo chimba mfereji upande wa juu wa jamvi ili maji ya mteremko yazunguke badala ya kupita chini yake. Kazi ya zege imalizike kabla ya Novemba. Pevingi si mbaya kwenye ardhi iliyochimbwa na kushindiliwa, lakini zisipobanwa na ukingo wa zege pande zote, mchanga wake utatoka kidogo kidogo.

Mwenye Nyumba (Uyole)

Mama, shikamoo, na ninawashukuru nyote. Nimekubali kulisogeza upande wa juu. Je, jukwaa la mbao niache kulifikiria kabisa?

Seremala wa Mafinga

Mimi ninauza mbao, lakini sitakushauri uliweke jakuzi juu yake. Jukwaa la kawaida hujengwa kwa ajili ya viti na watu wachache. Ukisimamisha nguzo tisa kwa safu za tatu tatu, ile ya katikati peke yake itabeba robo ya mzigo, yaani karibu kilo 575, na itahitaji kitako chake cha zege. Jakuzi likae juu ya jamvi, halafu jukwaa la paini iliyotiwa dawa lizunguke pembeni, na mbao zilizo mbele ya mlango wa pampu zifungwe kwa skrubu ili zifunguliwe fundi akija.

Fundi wa Iringa

Bomba la kupitishia waya wa umeme lizikwe kabla ya kumwaga zege, na fundi umeme mwenye leseni aweke swichi inayojikata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Amua pia mapema maji yatatokea wapi siku ya kulisafisha jakuzi. Liache wazi bila kuongeza dawa mpaka klorini ipungue, kisha yaelekeze mbali na kile kifusi cha upande wa chini, kwa sababu lita 1,500 zikimwagika hapo kwa mara moja zitauondoa udongo mliouhamisha na kuupeleka kwa jirani.