Naomba ushauri: natetea kufutwa kwa mfumo wa wajumbe katika uchaguzi wa rais wa Marekani, hoja zangu zimesimama?

Mkwaju_wa_Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nasoma chuo hapa Minnesota kwa viza ya masomo. Kwenye somo la mijadala kila mwanafunzi anapewa dakika 6 aeleze msimamo wake kuhusu jambo moja la siasa za ndani za Marekani, halafu wenzake wanamhoji dakika 3. Nimechagua kutetea kwamba rais achaguliwe moja kwa moja kwa kura za wananchi, na wale wajumbe 538 wa majimbo, ambao ndio wanaompigia rais kura rasmi, waondolewe.

Hoja zangu ni hizi. Mtu mmoja kura moja. Mwaka 2016 Clinton alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima na bado akashindwa. Kubwa kuliko zote, mfumo unayabeba majimbo madogo, kiasi kwamba kura ya mtu wa Wyoming ina uzito wa karibu mara nne ya kura ya mtu wa California.

Naomba kujua hoja ipi ni dhaifu, upande wa pili watanibana wapi, na je, mtu wa viza kusema haya hadharani kuna shida yoyote? Natanguliza shukrani.

Hesabu_Kwanza

Mkuu, msimamo wako unateteeka, lakini hiyo ya Wyoming uliyoifanya nguzo ndiyo watakayoing'oa kwanza.

Takwimu yenyewe iko sawa. Sensa ya 2020: Wyoming watu 576,851 kwa wajumbe 3, sawa na watu kama 192,000 kwa kila mjumbe. California watu 39,538,223 kwa wajumbe 54, kama 732,000 kwa mjumbe. Kosa ni pale unapoiunganisha na 2016, kana kwamba hilo ndilo lililompa Trump ushindi. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, jumlisha maseneta 2. Wanaoyabeba majimbo madogo ni hao 2. Basi waondoe uone. Trump alishinda majimbo 30: 306 toa 60 ni 246. Clinton alishinda majimbo 20 na Washington DC: 232 toa 42 ni 190. Trump bado yuko juu, tena kwa mbali.

Fanya hivyo hivyo kwa 2000. Bush majimbo 30: 271 toa 60 ni 211. Gore majimbo 20 na DC: 267 toa 42 ni 225. Hapo rais anakuwa Gore. Kwa hiyo ukitaka kulalamikia upendeleo wa majimbo madogo, mfano wako ni 2000. Mwaka 2016 ni kesi ya jambo jingine kabisa, yaani sheria ya mshindi wa jimbo kuzoa wajumbe wote wa jimbo hilo. (Namba nilizotumia ni za majimbo waliyoshinda. Hesabu rasmi ya 2016 ni 304 kwa 227 kwa sababu wajumbe 7 walikiuka ahadi zao, na ya Gore ni 266 kwa sababu mjumbe mmoja wa DC aliacha karatasi tupu. Ujue tofauti hiyo, maana wapo watakaokushika hapo.)

Sheria hiyo ya kuzoa wote haimo kwenye Katiba. Ibara ya 2 inaliachia bunge la kila jimbo liamue namna ya kuwapata wajumbe wake. Majimbo 48 na DC yamejiamulia hivyo, Maine na Nebraska yanagawa. Anzia hapo. Mwaka 2024 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California na hakuambulia mjumbe hata mmoja. Harris alipata zaidi ya milioni 4.8 Texas, naye hakuambulia kitu. Msikilizaji wa chama chochote atajiona ndani ya mfano huo, jambo ambalo mfano wa Clinton peke yake haukupi.

Ongeza na 2004. Bush alimzidi Kerry kwa kura kama milioni 3 nchi nzima, lakini Ohio alishinda kwa kura 118,000 na ushee tu. Ohio ingegeuka, Kerry angekuwa rais akiwa na kura chache za wananchi. Bila mfano huo watasema una hasira za chama chako.

Nanga

Mimi ni wa upande wa kubakiza mfumo, na nakupa hoja zetu zenye uzito, maana za kitoto utazijibu mwenyewe.

Ya kwanza ni kurudia kuhesabu kura. Marekani haina chombo kama tume zetu za uchaguzi kinachojumlisha na kutangaza matokeo ya nchi nzima. Tume yao ya shirikisho inashughulika na fedha za kampeni tu. Uchaguzi unaendeshwa na majimbo, kila moja na sheria zake za nani anapiga kura, kura ya posta ipokelewe mpaka lini, na tofauti ikiwa ndogo kiasi gani kura zihesabiwe upya. Mwaka 2000 mgogoro ulibaki Florida, kwa tofauti ya kura 537, na bado ulichukua siku 36 hadi Mahakama ya Juu. Sasa fikiria 1960, Kennedy na Nixon wakitofautiana kwa kura kama 110,000 kati ya zaidi ya milioni 68. Kwa mfumo unaoutaka, kila kituo cha nchi nzima kinageuka kuwa Florida. Ukitaka kura ya taifa, lazima useme pia kama unataka sheria moja ya uchaguzi kwa nchi nzima. Wengi wa upande wako hawalisemi hilo, na sisi hapo ndipo tunapobana.

Ya pili, mshindi awe na asilimia ngapi? Bill Clinton mwaka 1992 alikuwa na asilimia 43, Wilson mwaka 1912 chini ya 42. Ukifuta wajumbe bila kuweka kiwango, wagombea watano wakijitokeza mtu anaingia Ikulu na asilimia 30. Chagua: duru ya pili, kura ya kupanga wagombea kwa mpangilio, au kiwango fulani. Usipochagua, nitakuchagulia mimi kwenye maswali, na nitachagua kile kibaya.

Ya tatu, kutawanyika kwa kura. Sisi tunasema rais asitokane na eneo moja. Hapa unaweza kujibu kwa mfano wa Kenya, ambako Katiba ya 2010 inataka zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Inaonyesha kwamba kura ya taifa na kutawanyika vinaweza kwenda pamoja bila wajumbe. Itaje kwa sentensi mbili uendelee, maana ukikaa hapo watauliza habari za mahakama ya 2017 na dakika zako zitaishia Nairobi.

Ukimsikia mtu anasema waasisi waliuweka mfumo huu kuyalinda majimbo madogo, mwulize kuhusu kanuni ya tatu kwa tano. Mwaka 1787 kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, na kwa hiyo katika kugawa wajumbe. Virginia ilikuwa jimbo kubwa kuliko yote, na ilifaidika sana. Hata mimi ninayetetea mfumo huu siitumii hoja hiyo ya waasisi.

Mkwaju_wa_Pwani

Asanteni sana. Hiyo ya kurudia kuhesabu sikuwa nayo kabisa. Naijibuje?

Hesabu_Kwanza

Kwanza kubali kwamba ukubwa wa kazi ni tatizo la kweli. Usilikwepe.

Kisha waonyeshe kwamba mfumo wa sasa ndio unaozaa tofauti ndogo mara nyingi zaidi, kwa sababu unakata kura za taifa vipande zaidi ya 50, na kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo tofauti inavyoweza kuwa nyembamba. Mwaka 2000 hesabu ya taifa ilikuwa na tofauti ya zaidi ya kura 540,000 wakati Florida ilikuwa 537. Mwaka 2020 Biden alitangulia kwa kura milioni 7, lakini Arizona alishinda kwa 10,457, Georgia 11,779, Wisconsin 20,682. Jumla hazifiki 43,000. Majimbo hayo matatu yangegeuka, ingekuwa 269 kwa 269, na uamuzi ungekwenda Baraza la Wawakilishi ambako kila jimbo hupiga kura moja, Wyoming sawa na California, na mshindi anahitaji 26.

Hapo ndipo Wyoming yako inapofaa. Ihifadhi kwa ajili ya swali hili.

Dada_Ibara

Nimesoma yote na naona jambo kubwa halijaguswa: nani atabadilisha? Msimamo wowote wa siasa za ndani za Marekani lazima useme unapita mlango gani, Katiba, Kongresi, bunge la jimbo au mahakama. Wahojaji wazuri huanza na swali hilo, na aliyejiandaa kwa hoja za haki peke yake hukwama hapo hapo.

Kwako iko milango miwili. Wa kwanza ni marekebisho ya Katiba: theluthi mbili za kila baraza la Kongresi, kisha majimbo 38 kati ya 50 yaridhie. Ilijaribiwa. Septemba 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo la kura ya moja kwa moja kwa kura 338 dhidi ya 70, likiwa na kiwango cha asilimia 40 na duru ya pili, ambalo ni jibu la swali la Nanga. Lilikufa Seneti mwaka 1970, maseneta wa Kusini na wa majimbo madogo wakiendeleza hotuba ili lisifikishwe kwenye kura. Seneta Birch Bayh alirudi nalo 1979, akapata 51 dhidi ya 48 wakati ilitakiwa theluthi mbili, yaani 66.

Mlango wa pili ni mkataba wa majimbo. Jimbo linapitisha sheria kwamba wajumbe wake wote watampigia aliyeongoza kura za nchi nzima, na sheria inaanza kufanya kazi pale tu majimbo yaliyojiunga yakifikisha wajumbe 270, idadi inayotosha kumpa mtu urais. Maine ilipojiunga mwaka 2024 walifika 209. Minnesota unakosoma iliingia 2023 na wajumbe wake 10, kwa hiyo wenzako darasani wanaishi chini ya sheria hiyo, na huenda wengi hawaijui. Itaje mapema.

Udhaifu wake uujue. Jimbo linaweza kujitoa, ingawa mkataba unazuia kujitoa katika miezi sita ya mwisho wa muhula wa rais. Ibara ya 1 kifungu cha 10 cha Katiba inataka ridhaa ya Kongresi kwa mikataba kati ya majimbo, na kama huu nao unaihitaji bado ni ubishi. Na waliojiunga ni majimbo yanayoegemea Democrats.

Mapendekezo ya kugawa wajumbe kwa wilaya za ubunge kama Maine yakataeni wote. Wilaya huchorwa na wanasiasa. Matokeo ya 2012 yakihesabiwa kwa njia hiyo nchi nzima, Romney anashinda 274 kwa 264 ilhali Obama alimzidi kwa kura kama milioni 5.

Mti_Mkavu

Swali dogo wakuu. 2024 Trump si alishinda kote kote? Kwa nini tuendelee kubishana?

Nanga

Ni kweli, wajumbe 312 kwa 226, na kura za wananchi asilimia 49.8 kwa 48.3. Lakini kampeni yenyewe ilipiganiwa kwenye majimbo saba: Pennsylvania, Georgia, North Carolina, Michigan, Arizona, Wisconsin na Nevada, jumla ya wajumbe 93. Ndiyo hoja ambayo sisi wa upande wa kubakiza tunapata taabu nayo kuliko zote, kwa sababu Wyoming, Vermont na Delaware tunazodai kuzilinda hazitembelewi na mtu. Mkwaju, iweke mwisho wa hotuba.

Dada_Ibara

Dakika 6 kwa mwendo wa kueleweka ni maneno 700 hivi, usiandike zaidi. Moja na nusu kwa California na Texas na kwamba sheria ya kuzoa wote ni ya majimbo. Moja kwa 2000 na 2004 pamoja. Mbili nzima kwa njia ya kubadilisha, maana hapo hata wenyeji huwa hawako imara. Moja umjibu Nanga kabla hajauliza. Iliyobaki ni majimbo saba. Namba zisizidi nane katika hotuba nzima, nyingine ziwe kwenye kadi ya maswali.

Mkimbizi_wa_Makaratasi

Mkwaju, nijibu la viza kwa sababu limeachwa. Kutoa maoni darasani juu ya mfumo wa uchaguzi hakuvunji masharti ya viza ya masomo, na uhuru wa kusema unamhusu pia asiye raia. Hata hivyo mwaka 2025 zipo viza za wanafunzi zilizofutwa kwa sababu ya maandamano na maandishi, hasa kuhusu Gaza, na kesi zikafika mahakamani. Pia fomu ya maombi ya viza inauliza akaunti zako za mitandao ya miaka 5. Andika mtandaoni ukijua itasomwa, na ukiwa na wasiwasi pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni kabla ya kuweka video ya mjadala.

Hatari hasa iko kwenye vitendo. Usichangie kampeni hata dola 1. Mwenye green card anaruhusiwa kuchangia, wewe wa viza huruhusiwi. Kujitolea bila malipo ni sawa. Usipige kura ya shirikisho, ni kosa la jinai. Na usidai uraia popote, hata kwa kutojua, kwa sababu hilo linaweza kukufungia njia ya ukaazi maisha yako yote. Linawakuta watu wakati wa kuchukua leseni ya udereva, karani akiuliza haraka haraka kama unataka kuandikishwa kupiga kura, au kwenye meza za uandikishaji pale chuoni baada ya mjadala kama huu. Fomu ile sehemu yake ya mwanzo inauliza kama wewe ni raia. Mwambie aliyekupa kwamba huna sifa, mrudishie, usiweke saini.