Mrejesho: Vibarua wa kuhamisha mizigo, Mtwara

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu kampuni yangu ndogo ya kuhamisha watu vyombo: nyapara anayeniletea makuli alikuwa anashika vitambulisho vyao vya NIDA na kupokea malipo yao yote mkononi. Asanteni kwa majibu, hata nyie mlionikejeli.

Mliniambia nisome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 6 kinakataza kazi ya kulazimishwa, yaani kazi anayofanya mtu kwa kutishiwa adhabu bila hiari yake. Basi nikawaita vijana pembeni, nyapara hayupo. Wawili walikuwa wanakatwa deni la nauli ya kutoka Newala, na deni lenyewe lilikuwa haliishi. Kila mwezi linaongezwa chakula na godoro. Hapo ndipo penyewe. Kamba haionekani, lakini mtu hawezi kuondoka.

Vitambulisho vimerudi kwa wenyewe. Sasa namlipa kila kibarua kwa simu yake, na nyapara anapata kamisheni kutoka kwangu, si kwenye jasho la vijana. Alinuna, akatishia kuwapeleka wote kwenye maghala ya korosho. Baadhi walimfuata, wengi wamebaki.

Mwenye umri chini ya miaka 18 habebi friji wala kabati. Kazi ya hatari kwao sheria imekataza.

Bei yangu imepanda kidogo. Mteja mmoja wa Shangani amelalamika, kisha akalipa.

Kilichobaki ni mwenye fuso ninayemkodi: utingo wake analala kwenye gari. Namfuatilia.