Naomba ushauri: gari jipya, nipitie dalali wa mtandaoni au niende kwa muuzaji?

Habari zenu wakuu. Nimejinyima miaka kadhaa, sasa nataka gari jipya kabisa. Dalali wa mtandaoni amenipa bei ya chini kuliko muuzaji wa karibu, ila anataka malipo ya awali kabla sijaliona gari wala kupewa namba ya chesisi. Hapo roho inasita. Kwa muuzaji nalikagua, naliendesha kwanza, na likisumbua najua pa kubisha hodi. Tatizo anapachika vikorokoro nisivyoomba na bei inapanda. Je, nikipitia dalali, dhamana ya kiwanda inaandikwa kwa jina langu? Na kuna aliyewahi kutumia bei ya mtandaoni kumbana muuzaji ashushe? Hela hii nimeitolea jasho, nisaidieni.