Wazee walieleza kwa saa tatu, taarifa ikatoka na mstari mmoja: ujuzi huu tuuandikeje?

Katibu wa Kamati (Bagamoyo) anauliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili katika kijiji kimoja cha bonde la Ruvu, wilayani Bagamoyo, na ninaomba ushauri wa watu waliowahi kukaa upande wowote wa meza, uwe upande wa wanakijiji au upande wa serikali.

Miezi michache iliyopita tulitembelewa na maofisa waliokuwa wakikusanya maelezo kuhusu viboko wanaoingia katika mashamba ya mpunga. Walikuja kwa adabu, wakaomba kuonana na wazee, na wazee wakazungumza kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Mzee mmoja aliyelima bondeni tangu ujana wake alieleza jambo ambalo mimi, mzaliwa wa hapa, sikuwa nalijua. Alisema kiboko hatoki majini ovyo; hufuata njia yake ileile usiku baada ya usiku, lakini njia hizo hubadilika kwa kufuata masika. Mwaka ambao mvua zimeyajaza mabwawa yaliyo nyuma ya mto, viboko huhamia mabwawani, na njia yao ya kwenda malishoni hukata katikati ya mashamba yetu. Mwaka ambao mabwawa hayakujaa, hubaki mtoni na kulisha ng'ambo. Kwa hiyo, alisema, anayetaka kujua kama mwaka huu tutavamiwa asihangaike kuhesabu viboko, akayatazame mabwawa mwezi wa tano.

Fomu ya wageni ilikuwa na safu ya aina ya mnyama, safu ya idadi, ya tarehe na ya alama za eneo. Safu ya "ikiwa" haikuwapo. Taarifa iliporudi kijijini, asubuhi nzima ile ilikuwa imekuwa mstari mmoja: wananchi walitoa maoni kuhusu uharibifu wa mazao. Sidhani waliokuja walikuwa na nia mbaya, kwa maana hata mimi ningepewa fomu ile ningeijaza vilevile.

Sasa tumeambiwa watarudi kabla ya masika. Tuuandike vipi ujuzi wa wazee ili uingie katika maamuzi, usiishie kuwa pambo la utangulizi wa taarifa? Na je, kuna mambo ambayo hatupaswi kuyaandika kabisa? Tunacho kichaka chenye mzimu ambacho tangu zamani hakikatwi mti, na wazee wamegawanyika: wengine wanataka kitajwe ili kilindwe, wengine wanasema kikishatajwa kimekwisha.

Bwana Misitu Mstaafu (Muheza):

Ndugu Katibu, nimefanya kazi ya misitu katika mkoa wa Tanga kwa miaka mingi, na fomu za namna hiyo nimezibeba mimi mwenyewe mkobani, kwa hiyo nitakujibu kama mtu mwenye lawama yake.

Kosa lenu, kama naweza kuliita kosa, ni kwamba mliusubiri ujuzi wenu uandikwe na mgeni katika karatasi ya mgeni. Fomu ni mali ya aliyeileta. Anaondoka nayo, anaifupisha anavyotaka, na ninyi hamna nakala. Kijiji kina karatasi yake, nayo ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji ni mamlaka kisheria tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na kikao chake kikisoma maelezo ya wazee, kikayajadili na kuyapitisha kwa ajenda yenye namba, basi yule afisa anayekuja na fomu atakuta jambo limekwisha kuamuliwa na kikao halali. Hawezi tena kuliita maoni. Atalazimika kulijibu, hata kama ni kwa kulikataa, na kukataa kwa maandishi ni hatua kubwa kuliko mnavyofikiri.

Kuhusu namna ya kuandika, tenganisheni mambo matatu ambayo mzee huyaeleza kwa pumzi moja: aliyoyaona kwa macho yake, aliyoyapokea kwa waliomtangulia, na anachodhani kuwa ndicho chanzo. Siyatenganishi ili moja lidharauliwe. Kuhama kwa njia ya viboko mzee amekuona, basi andikeni ameona mwaka gani na gani, hata kwa kutaja matukio (mwaka wa mafuriko fulani, mwaka aliooa), maana mtu hukumbuka kwa njia hiyo. Maelezo ya kwa nini viboko wanahama yanaweza kubishaniwa na mtaalamu bila kuyagusa yale aliyoyaona.

Kuhusu kichaka, mimi niko upande wa wale wanaoogopa. Nimeshuhudia misitu ya matambiko ikipona kwa vizazi kwa sababu ya hofu na heshima, kisha tukaitungia sheria ndogo yenye faini, na ndani ya muda mfupi mwenye fedha akagundua kwamba mti una bei. Lakini pia nimeshuhudia vijana wa siku hizi, wengine kwa sababu za dini, wasioona mzimu wowote humo, na kwao mwiko pekee haulindi kitu. Njia ya kati ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi katika ardhi yake, na mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji unaweza kulionyesha eneo hilo kuwa la hifadhi bila kueleza sababu hata moja. Pakeni rangi ya kijani kwenye ramani, na habari za mzimu zibaki kwa wenyewe.

Mvuvi wa Ushongo (Pangani):

Shikamoo mzee wangu wa Muheza. Ndugu Katibu, mimi nitazungumza ya baharini, lakini nadhani yanafanana.

Mbele yetu kuna kisiwa cha Maziwe, ambacho kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Wazee wetu wanakikumbuka kikiwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Wanasema miti ndiyo iliyoushika mchanga. Miti ikakatwa, bahari ikaula mchanga, na leo ni fungu la mchanga tu ambalo maji makubwa ya bamvua hulifunika lote. Tangazo la hifadhi lilikuwapo na waliojua kazi ya ile miti walikuwapo, ila hawakukutana katika karatasi moja.

Kasa hawajui kwamba kisiwa kimekwenda. Bado wanapanda, na mayai yakiachwa pale yanazama, kwa hiyo huhamishiwa ufukwe wetu wa Ushongo. Hapa ndipo penye funzo kwako. Mtu anayefaa zaidi kwa kazi hii ni yule aliyekuwa akila mayai. Huyo anaisoma alama mchangani kabla jua halijawaka: hii ni ya usiku wa leo, hii ni ya jana; hapa kasa amepanda akazunguka akarudi bila kutaga; huyu amejivuta kwa mapezi mawili kwa pamoja, basi ni kasa wa kawaida, na yule amekwenda kwa kupokezana pezi moja moja, basi ni ng'amba. Kijana aliyetoka chuoni atatumia misimu kadhaa kuyajua hayo.

Lakini niwe mkweli. Kuna jambo ambalo wazee wetu hawakulijua na sisi tumefundishwa na wataalamu: kwamba yai la kasa likishapita saa chache za mwanzo halipaswi kugeuzwa, kwa kuwa kijusi hujishikiza juu ya ganda, na ukiligeuza umekiua. Mla mayai angelijulia nini hilo? Yeye alilihitaji yai kwa chungu. Ujuzi hukua pale mtu anapokuwa na haja nao, kwa hiyo usiwatazamie wazee wajue kila kitu, na ukiandika kwamba wanajua kila kitu, ukurasa wako wote hautaaminiwa.

Mama Shamba:

Kaka Katibu, nimesoma swali lako mara mbili na neno "wazee" nimelikuta mara nyingi. Naomba nikuulize kwa heshima: asubuhi ile, kina mama wangapi walizungumza?

Naishi upande wa Wami. Kwetu anayejua mamba yuko wapi si mzee aliyekaa barazani, ni anayeshuka na ndoo alfajiri na jioni. Tunajua maji yakiwa na rangi fulani hatushuki mahali fulani. Tunajua ni upande gani wa mto kuna kina cha ghafla. Maofisa wanapokuja huitisha wazee, wazee wanakaa wanaume, na sisi tunapika chai yao. Kisha mabango ya tahadhari yanawekwa pasipo mtu anayechota maji.

Jambo la pili ni la vitendo. Mnapoandika njia za viboko, zichoreni pamoja na mashamba, jina la mwenye shamba na ekari zake, na kila uvamizi uandikwe siku uliotokea. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioharibiwa mazao au kudhuriwa na wanyamapori, zipo tangu mwaka 2011, lakini malipo hufuata tathmini, na tathmini ikichelewa mpunga umeshachipua upya au umeoza, na mkulima anabaki akionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na mazao. Daftari la kijiji lenye njia zilizochorwa kabla ya uharibifu ni ushahidi mzuri kuliko machozi yenyewe.

Mwalimu wa Tanga:

Ninaunga mkono hoja za waliotangulia, na ninaongeza mfano wa mbali ambao naupenda kwa sababu unafanana mno na ule wa mabwawa.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapiga marufuku Wainupiati, wenyeji wa kaskazini ya Alaska, kuwinda nyangumi mkubwa wa bahari ya barafu, ambaye ni chakula chao tangu enzi. Wataalamu walikuwa wamesimama ukingoni mwa barafu wakihesabu nyangumi waliowaona wakipita, na hesabu yao iliwaambia kwamba wamebaki wachache mno. Wawindaji wakajibu kwamba wengi hupita mbali, macho yasipofika, na wengine hupita chini ya barafu yenyewe na kuipasua kwa kichwa ili wapumue. Mwaka huohuo waliunda tume yao wenyewe. Baadaye vikatumika vinasa sauti vya majini pamoja na ndege, na ikaonekana kwamba walichosema ni kweli. Mwaka 2001 makadirio yalipita 10,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni kuzaana, si kuhesabu vizuri tu, lakini njia ya kuhesabu ilibadilishwa kwa sababu ya waliyoyasema wawindaji, na kuanzia mwaka 1981 tume yao ilisimamia uwindaji kwa makubaliano na serikali.

Tazama walichokipeleka mezani. Lilikuwa dai linaloweza kupimwa: tegeni sikio chini ya barafu, mtawasikia. Mzee wenu naye ametoa dai la namna hiyohiyo, "yatazame mabwawa mwezi wa tano." Msiliandike kama historia ya kijiji. Liandikeni kama utabiri wa mwaka huu, lenye tarehe, kabla ya masika, kisha mwezi wa sita mwende na maofisa hao shambani mkaone.

Kwetu Tanga tunaye gombesa, samaki ambaye sayansi ilidhani ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wataalamu walimtafuta wa pili kwa miaka 14, wakampata Komoro, ambako wavuvi walikuwa na jina lake siku zote. Hapa kwetu alianza kunaswa kwa wingi katika majarife ya kina kirefu miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nalitaja hili kwa upande mwingine pia: jarife lililomfichua kwetu ndilo linalomuua, na mvuvi aliyetoa habari yake alikuja kupewa masharti ya kuvua. Ndugu Katibu, waambieni wazee mapema kwamba habari wanayoitoa inaweza kuwarudia ikiwa katazo, ili anayezungumza azungumze akijua.

Katibu wa Kamati (Bagamoyo):

Nawashukuru nyote. Mama Shamba, jibu la swali lako ni kwamba hakuzungumza hata mmoja, na chai ilikuwapo. Nimeona aibu na nimekwisha kumwambia mwenyekiti. Kina mama wa bondeni watakaa kikao chao wenyewe kwanza, na mmoja wao ndiye atakayeandika.

Mwalimu, onyo lako la mwisho nililisoma mbele ya wazee jana baada ya sala ya alasiri. Yule mzee wa viboko alicheka, akasema anajua wanaweza kutukataza kulima karibu na mabwawa, na kwamba yeye mwenyewe aliacha kulima huko zamani kwa sababu hiyohiyo ya viboko. Wenye mashamba ya huko hawakucheka. Tumekubaliana kwamba wao ndio waamue kama ramani itatoka nje ya kijiji.

Mzee wa Muheza, mkutano mkuu wetu uko karibu. Naomba unisaidie maneno ya ajenda.

Bwana Misitu Mstaafu (Muheza):

Mwanangu, usiyapambe. Andika hivi: "Kupokea na kujadili maelezo ya wakulima wa bondeni kuhusu njia za viboko, na kuamua kama kijiji kitayawasilisha kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya." Neno "kuamua" lisitoke. Ramani iwe kiambatisho, si sehemu ya muhtasari, ili wenye mashamba wakikataa ibaki kabatini na muhtasari uende peke yake. Nakala ziwe tatu, na ile mtakayompa mgeni atie sahihi ya kuipokea, pamoja na tarehe.