Tupeane uzoefu: petroli iliyolala kwenye gari lisilotembea

Mwakeye wakuu. Huku Mwanga, Kigoma, nimeachiwa Hiace ya mjomba, ile ya petroli ya kabureta. Aliifungia kitanda, jiko la gesi na tenki la maji nyuma kwa ajili ya safari za familia, sasa yeye kahamia Dar, gari linatoka Desemba tu, likirudi linapaki chini ya mwembe mpaka mwaka ukatike. Safari hii kabla ya kugusa ufunguo nikafungua mfuniko wa tenki, harufu niliyokutana nayo siyo ile kali ya sheli, ni harufu nzito ya vanishi. Nikachota kidogo kwa mpira nikaweka kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, nikainyanyua juani. Imekuwa ya kahawia, na chini ya chupa kuna matone yanayotembea peke yake ukiinamisha, hayachanganyiki na kitu. Hayo ni maji.

Sikuwasha. Nikaita fundi akafungua nati ya chini ya tenki, cha kwanza kutoka kilikuwa maji yenye kutu, ndo petroli ikafuata. Kabureta alipoishusha, kwenye lile bakuli la floti kulikuwa na gundi ya njano imekauka pembeni unaikwangua kwa kucha, na jeti ndogo (kile kitundu cha kupitishia petroli) imeziba kabisa huoni mwanga upande wa pili. Tumeosha, tumebadili filta, tumeweka lita 10 mpya, imewaka vizuri tu. Sasa naomba wenye magari, jenereta, boti, chochote kinachokaa muda mrefu na petroli ndani, mje mseme yaliyowakuta, maana hili jambo mafundi wengi wanaanza kubadili plagi na betri wakati ugonjwa uko kwenye tenki.

fundi wa Gungu
Umefanya la maana sana kutowasha mkuu. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vile vyepesi vinavyoshika moto haraka injini ikiwa baridi ndo vinavyoruka kwanza, vinavyobaki vinakutana na hewa ndo hiyo gundi. Kwenye dumu lililofungwa vizuri kivulini petroli inaweza kukaa kama miezi 6, lakini tenki la gari linapumua, na joto la huku, mi ikipita miezi 3 naanza kuinusa kwanza. Gari la kabureta una bahati unafungua unaosha. Haya ya nozo, zile za kupulizia mafuta kwenye injini, ukiwasha tu pampu inasukuma uchafu mpaka mbele, hapo unazungumzia pampu na nozo zote, hela nyingine kabisa. Halafu jeti msizibue kwa waya wa chuma jamani, tundu likipanuka hata kidogo gari linaanza kunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Loweka kwenye dawa ya kuoshea kabureta halafu piga upepo wa kompresa.

mvuvi Kibirizi
Sisi tulijifunza Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue 2024, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mashine zetu nyingi ni za kuchanganya petroli na oili, sasa mashine ikikaa petroli ya kwenye kabureta inaruka, oili inabaki inaganda. Siku ziwa linafunguliwa watu wako ufukweni wanavuta kamba mpaka bega linakufa, mashine kimya, dagaa wako ziwani. Mzee wetu wa boti yeye kabla ya kufunga alichomoa mpira wa mafuta mashine ikiwa inaunguruma, akaiacha imalize yenyewe mpaka izime, halafu akafungua skrubu ya chini ya bakuli akamwaga kilichobaki. Agosti mashine yake ikaitika mapema, ndo iliyokuwa inavuta boti za wenzie. Tangu hapo mashine yoyote nikijua inapumzika zaidi ya wiki kadhaa nafanya hivyohivyo.

Tabora Ipuli
Huku kwetu ni jenereta la kanisa. Umeme siku hizi haukatiki sana kama zamani kwa hiyo linakaa, likihitajika kwenye mkesha halitaki. Tulichoamua ni kila mwezi kijana wa zamu analiwasha na kulibebesha mzigo, spika na taa, siyo kuliwasha tupu dakika mbili na kuzima.

Lakini kubwa nililotaka kusema ni hili, petroli mliyoitoa msiiache kwenye dumu lisilo na alama. Jirani yetu alikuta dumu nyuma ya nyumba akajua ni mafuta ya taa kwa sababu ilishapoteza ile harufu kali, alikuwa anataka kuitia kwenye jiko la utambi. Mama mmoja akashtuka akamzuia. Petroli hata ikizeeka bado inalipuka, tafadhali sana, andikeni kwa rangi kwenye dumu.

shemeji yuko Texas
Shemeji yangu ana gari la nyumba kabisa huko Marekani, lile lenye choo na jenereta humo ndani. Anasema kwao tatizo ni zaidi kwa sababu petroli yao nyingi ina ethanoli (aina ya pombe) asilimia 10, na ethanoli inavuta maji, yakizidi inajitenga inazama nayo chini ya tenki, palepale pampu inapochotea. Kitu kingine kilichonishangaza, jenereta yake inachota kwenye tenki hilohilo la gari, ila bomba lake limewekwa juu kidogo, mafuta yakifika kama robo jenereta inazima ili usikwame porini. Kwa hiyo huwezi kulimaliza tenki kwa jenereta. Yeye kabla ya baridi anajaza tenki full, anatia dawa ya kutunza petroli, halafu anaendesha gari na jenereta kidogo dawa ifike kwenye mabomba.

Ujiji
Mi napinga kujaza full. Lita 60 zikiharibika ni hasara, na bei za mafuta za EWURA, wale wanaopanga bei kikomo, zikitoka ile Jumatano ya kwanza ya mwezi sote tunajua Kigoma tuko na wenye bei za juu kwenye ile orodha.

mleta uzi
Mkuu wa Ujiji hoja yako naielewa, ila tenki la bati likiwa tupu masika yote, usiku unyevu unaganda kwenye kuta zake unashuka chini, ile kutu niliyoiona ndo ilikotoka. Nimekubaliana na mjomba hivi, kama gari litatembezwa kila mwezi mpaka Kasulu na kurudi tunaacha limejaa. Kama halitatembea kabisa tunamwaga yote, kabureta inakaushwa, tenki linafungwa vizuri unyevu usiingie.

Ile ya zamani nimeichuja kwa kitambaa, nikaiacha itulie, maji nimeyaacha chini. Kuna mtu ananiambia niitie kidogokidogo kwenye pikipiki. Fundi unasemaje?

fundi wa Gungu
Pikipiki hapana, kabureta yake ndogo mno. Ikiwa ya kahawia na inanuka vanishi usiirudishe kwenye injini yoyote. Ingekuwa imepauka kidogo tu na haina maji ningekwambia lita 1 kwenye 10 mpya, kwenye gari linalotembea kila siku. Hiyo niletee gereji nioshee vyuma vyenye grisi, usiimwage mtaroni, mtaro wa kwenu unashuka ziwani.